Furaha ya kudumu: namna ya kuijengea mahali pa kurudi

Kazi yangu ni tiba ya viungo. Watu huletwa kwangu baada ya kiharusi, baada ya ajali iliyoumiza uti wa mgongo, baada ya kukatwa mguu, na pamoja tunaanza kuufundisha mwili upya. Ni kazi ya miezi, wakati mwingine ya miaka, na muda wote huo mtu huzungumza. Mkono wake ukiwa mikononi mwangu na macho yakiwa darini, huyasema ambayo hajawaambia hata wa nyumbani kwake. Swali linalorudi kuliko yote ni hili: je, nitafurahi tena? Wakishanizoea huenda mbali zaidi: hivi kuna binadamu yeyote mwenye furaha ya kweli inayodumu, au tunadanganyana tu?

Huwa nawajibu kwamba ipo, lakini kwanza tuelewane tunatafuta nini. Ukitafuta hisia tamu isiyokatika, asubuhi mpaka usiku, mwaka hata mwaka, hiyo hakuna aliyewahi kuwa nayo. Kuna maisha, hata hivyo, ambayo furaha huondoka ikarudi, ikaondoka tena ikarudi, kwa kuwa ina mahali pa kurudia. Mwenye maisha hayo ukimkuta katikati ya wiki mbaya kabisa ukamuuliza kama maisha yake ni mema, atakuambia ni mema, na atakuwa anasema kweli. Nimewaona watu hao, baadhi yao wakiwa kwenye viti vya magurudumu. Ninayoyaandika hapa ndiyo ninayowaelekeza wengine wafanye ili wafike huko.

Acha kuidai hisia ikae

Ngozi yako iliacha kuisikia nguo uliyovaa leo muda mfupi tu baada ya kuivaa. Mishipa ya fahamu ilitoa taarifa kwamba kuna kitu kipya, kisha ikanyamaza ili iwe tayari kwa kingine. Moyo nao huenda hivyohivyo. Mshahara mpya, nyumba mpya, cheo, hata ndoa uliyoiombea kwa miaka, huja kwa kishindo halafu baada ya muda huvioni tena. Wanasaikolojia Philip Brickman na Donald Campbell walilieleza jambo hili mwaka 1971, kwamba mtu hukimbilia furaha na kujikuta palepale alipoanzia.

Mwaka 1978 Brickman na wenzake wawili walichapisha utafiti ninaoufahamu vizuri kwa sababu unawahusu watu wangu. Waliwahoji washindi 22 wa bahati nasibu ya jimbo la Illinois, Marekani, watu wa kawaida 22, na watu 29 waliopooza kwa ajali. Katika kipimo cha 0 hadi 5, washindi walijipa wastani wa 4.00 kwa furaha ya wakati ule, watu wa kawaida 3.82, na waliopooza 2.96. Tofauti kati ya washindi na watu wa kawaida ilikuwa ndogo mno kuwa na maana.

Utasikia ikisemwa kwamba utafiti huo ulithibitisha kuwa kupooza na kushinda mamilioni ni mamoja. Si kweli, na jambo hili huniudhi, kwa sababu huwafanya ndugu wa mgonjwa wadhani huzuni yake ni ukaidi. Waliopooza walikuwa chini ya wenzao waziwazi, na ajali zao zilikuwa bado mbichi. Kinachostahili kukumbukwa ni mambo mawili mengine. Hawakuwa chini kiasi ambacho mtu asiye na ulemavu angekisia, maana 2.96 iko juu ya katikati. Pia washindi, walipoulizwa wanapata raha kiasi gani katika mambo madogo kama kuzungumza na rafiki, kusikia kichekesho au kusoma jarida, walijipa alama chache kuliko watu wa kawaida. Ushindi mkubwa ulikuwa umeyapunguzia ladha yale madogo.

Mwaka 1999 Gary Albrecht na Patrick Devlieger waliandika kuhusu watu 153 wenye ulemavu mkubwa, na zaidi ya nusu yao walisema maisha yao ni mazuri au mazuri sana. Wanaosoma habari hiyo kwa mara ya kwanza hushangaa. Anayefanya kazi kama yangu hashangai.

Kwa hiyo cha kwanza kufanya ni hiki. Furaha ikipungua baada ya jambo jema, usilitangaze jambo hilo kuwa lilikuwa bure, wala usikimbilie kubwa zaidi. Ni maumbile tu yamefanya kawaida yake. Na ukipatwa na pigo, usiuamini utabiri wako wa wiki za mwanzo. Timothy Wilson, Daniel Gilbert na wenzao walionyesha mwaka 1998 kwamba watu hukadiria huzuni zao zijazo kuwa zitadumu muda mrefu kuliko zinavyodumu kweli. Mgonjwa mpya akiniambia "maisha yangu yameisha," simbishii. Namwomba tu asifanye uamuzi wowote mkubwa kwa kutegemea sentensi hiyo mpaka miezi kadhaa ipite.

Usijipime kila saa

John Stuart Mill, mwanafalsafa wa Uingereza, alilelewa tangu utotoni aje kuirekebisha jamii. Mwaka 1826, akiwa na umri wa miaka 20, alijiuliza: mabadiliko yote ninayoyapigania yakitimia leo hii, je, nitakuwa na furaha? Nafsi yake ikamjibu hapana, naye akaingia gizani kwa miezi mingi. Baadaye, katika maelezo ya maisha yake yaliyotoka mwaka 1873, aliandika kwamba wenye furaha ni wale ambao akili zao zimeelekea kwenye jambo jingine, mbali na furaha yao wenyewe, na kwamba ukijiuliza kama una furaha, papo hapo inakutoka. Kilichoanza kumwinua hakikuwa hoja. Alikuwa anasoma kumbukumbu za mwandishi mmoja Mfaransa, akafika mahali ambapo baba amefariki na kijana mdogo anaazimia kuwa kila kitu kwa familia yake. Mill akatokwa na machozi, na tangu hapo mzigo ukaanza kuwa mwepesi. Alikuwa amemlilia mtu mwingine.

Iris Mauss na wenzake waliupata mwelekeo huohuo kwenye maabara mwaka 2011. Wanawake waliopewa kwanza makala ya kusifia umuhimu wa kuwa na furaha, kisha wakatazama filamu ya kufurahisha, walifurahi kidogo kuliko wale ambao hawakuisoma. Walikuwa wanajichungulia.

Nalishuhudia hili kazini kila msimu. Kuna anayeamka kila asubuhi na kujiuliza "leo nimepona?" na kila asubuhi jibu humvunja. Nilimhudumia mwalimu wa hisabati aliyepoteza nguvu za mkono wa kulia kwa kiharusi. Hakutaka kusikia habari za kupona. Alichotaka ni kuandika ubaoni kwa mkono wa kushoto maandishi ambayo mwanafunzi wa safu ya nyuma angeyasoma. Tulitundika ubao ukutani. Aliandika milinganyo, kisha ananituma niende mwisho wa chumba nimsomee. Nikisoma herufi vibaya, anaifuta na kuiandika upya, bila kununa. Siku moja nikamsomea mistari yote mitatu bila kusita, naye akaniambia kwa sauti ya kazi kabisa, "Sawa, sasa tuandike kwa herufi ndogo zaidi." Ukimtazama usoni usingehitaji kumuuliza kitu.

Fanya hivyo nawe. Chagua jambo lililo nje ya nafsi yako, lenye mtu au kitu kinacholihitaji, na ulipime hilo. Je, mtoto ameelewa somo? Bustani imemwagiliwa? Barua ya yule mgonjwa imejibiwa? Mwisho wa wiki jiulize maswali ya namna hii, na lile la "nina furaha?" liache kabisa kwa miezi michache. Si rahisi kama linavyoonekana. Akili hulirudia kama ulimi unavyorudia pengo la jino. Kila unapoligundua, rudi kwenye kazi.

Tenganisha yanayozoeleka na yasiyozoeleka

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi zaidi na watu, kwa sababu hapa ndipo mabadiliko makubwa hupatikana kwa gharama ndogo, na karibu kila mtu huanza upande usiofaa.

Chukua karatasi, uigawe kwa mstari katikati. Kushoto andika unavyotamani kuviongeza maishani. Kulia andika vinavyokusugua kila siku au kila wiki, hata viwe vidogo vya kuona haya kuvitaja. Usiharakishe. Iache siku kadhaa mahali unapoiona, uongeze kila unapokumbuka.

Vingi vya kushoto ni vya kuzoeleka: kipato kikubwa kidogo, kifaa kipya, cheo, sura ya nyumba. Vitakufurahisha, kisha vitanyamaza. Upande wa kulia utakuta vitu ambavyo binadamu hazoei au huzoea kwa shida sana: kelele asizoweza kuzizima, safari ndefu ya kwenda kazini kila siku, maumivu ya muda mrefu, usingizi unaokatika, ugomvi ndani ya nyumba, upweke, kukosa kazi. Kuhusu kukosa kazi kuna ushahidi mzito. Richard Lucas na wenzake walichambua mwaka 2004 takwimu za Ujerumani zilizowafuata maelfu ya watu kwa miaka 15, wakaona kwamba waliopoteza kazi, kwa wastani, hawakurudi kikamilifu kwenye uradhi wao wa zamani hata walipopata kazi nyingine. Kwa hiyo wazo kwamba binadamu huzoea kila kitu ni nusu tu ya ukweli, na nusu ya pili ndiyo inayokuelekeza pa kuanzia. Anza kulia. Ondoa kimoja kisichozoeleka kabla hujaongeza kimoja kinachozoeleka.

Nitakueleza mmoja aliyelifanya hili kwa bidii. Alikuwa mfanyabiashara, miguu imepooza kwa ajali ya barabarani, na kila kikao tulichoanza alianza kwa kuniuliza kwa nini Mungu amemfanyia hivi. Nilimpa karatasi. Nilitarajia miguu iwe ya kwanza upande wa kulia. Haikuwemo kabisa. Aliandika kwamba mlango wa sebuleni ni mwembamba kwa kiti chake, hivyo kila jioni lazima abebwe kupita hatua mbili tu. Aliandika kwamba anaogopa kutoka nyumbani kwa sababu mfuko wa mkojo uliwahi kuvuja mbele za watu. Na chini kabisa, kwa maandishi madogo: "Wananijadili nikiwa hapohapo."

Mlango ulipanuliwa na seremala kwa asubuhi moja. Suala la mfuko tulilimaliza pamoja: tulibadilisha saa za kunywa maji na za kuumwaga, tukakagua jinsi bomba linavyofungwa pajani, akafanya majaribio ya kutoka kwa muda mfupi, kisha mrefu. La tatu lilichukua muda na lilihitaji ujasiri wake mwenyewe. Aliwaita mke wake na kaka zake, akawaambia kwamba jambo lolote la biashara yake au la watoto wake lisiamuliwe kabla yeye hajaulizwa, na kwamba hataki kuulizwa kwa kubembelezwa. Nilisikia kwamba walilia wote siku hiyo. Miguu ilibaki vilevile. Baada ya hapo vikao vyetu vilianza na habari za mteja aliyechelewesha malipo, kijana mpya dukani, mkataba alioukataa. Lile swali la "kwa nini mimi" sikulisikia tena kwa wiki nyingi, na liliporudi lilikaa siku moja.

Ukimaliza karatasi yako, kila kilichoko kulia kiulizie mambo matatu tu: naweza kukiondoa, naweza kukipunguza, au naweza kumwambia mtu? Vingi utakuta vimekaa miaka kwa sababu hakuna aliyewahi kuvitaja kwa sauti. Mama mmoja alivumilia maumivu ya bega usiku kucha, kumbe alikuwa akilala upande uliopooza bila mto wa kuushikilia mkono. Mto tu! Wahenga walisema mazoea yana taabu, na taabu mojawapo ni kwamba unaweza kukizoea kitu hata usikitaje huku kikiendelea kukumaliza.

Watu, na namna ya kukaa nao

Mwaka 1938 Chuo Kikuu cha Harvard kilianza kuwafuatilia wanafunzi wake 268. Baadaye utafiti ukaunganishwa na mwingine wa vijana 456 kutoka mitaa ya maskini ya Boston, na umeendelea hadi kwa watoto wao. Matokeo yake yanayojulikana zaidi, kama wakurugenzi wake George Vaillant na baada yake Robert Waldinger walivyoyaeleza, ni kwamba ubora wa uhusiano wa mtu na watu wake huenda sambamba na afya na uradhi wake uzeeni. Walioridhika zaidi na uhusiano wao wakiwa na miaka 50 ndio waliokuwa na afya njema zaidi wakiwa na 80.

Hili kila mtu hulikubali kwa kichwa halafu hajui la kufanya kesho asubuhi. Mimi huwaambia hivi. Mtafute mtu mmoja kila wiki, yuleyule au mwingine, umwulize swali ambalo jibu lake haliwezi kuwa neno moja. "Ile shida ya mwanao na mwalimu wake imefikia wapi?" Ukiuliza "habari" utajibiwa "nzuri," na mtakuwa mmeachana mkiwa mmesimama palepale. Kisha nyamaza umsikilize mpaka mwisho, bila kuleta kisa chako.

Jambo gumu zaidi ni kukubali kusaidiwa. Ninaowahudumia wengi ni watu waliozoea kutoa. Wakianza kufungwa viatu na mtoto wao, hufumba macho kwa aibu. Huwaomba wafumbue. Mtoto anayekufunga kiatu anakupa kitu, na ukimgeuzia uso unamrudishia. Mwambie asante kwa jina lake, mwulize mafundo amejifunzia wapi. Uhusiano unaokwenda upande mmoja tu huchosha hata ukiwa wewe ndiye mtoaji.

Kuhusu kutoa, kuna utafiti mfupi na mzuri wa Elizabeth Dunn, Lara Aknin na Michael Norton wa mwaka 2008: waliopewa bahasha yenye dola 5 au 20 na kuambiwa wazitumie kwa ajili ya mwingine walikuwa na furaha zaidi jioni kuliko walioambiwa wajitumie wenyewe, na kiasi hakikuleta tofauti. Toa kidogo, lakini umwone unayempa.

Mikono na mawazo vikae mahali pamoja

Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert waliwauliza watu 2,250, kupitia simu zao na kwa nyakati za kushtukiza, wanafanya nini, wanawaza nini na wanajisikiaje. Katika majibu yaliyochapishwa mwaka 2010, asilimia 46.9 ya nyakati hizo akili ilikuwa mahali pengine. Na ilipokuwa imetangatanga, furaha ya watu ilikuwa imepungua. Hata ilipokwenda kwenye mambo mazuri, haikuwapa zaidi ya walichokuwa nacho walipokuwa hapo walipo.

Zoezi langu la jambo hili nililitoa kwenye shati. Mtu aliyepata kiharusi hujifunza kufunga kifungo kwa mkono mmoja. Kidole gumba na cha shahada hukamata ukingo wa kifungo, kidole cha kati husukuma kitambaa nyuma, tundu linafunguka kidogo, kifungo kinaingia nusu na kukwama, gumba linateleza kwenda upande wa pili, linakivuta. Akiwaza ya kesho kifungo kinachomoka. Akirudi hapo, kinaingia. Kwa dakika hizo chache huwa sioni huzuni usoni, hata kwa mtu aliyelia nusu saa kabla.

Wewe mwenye mikono miwili mizima chagua jambo moja unalolifanya kila siku bila kuliona: kufunga viatu, kuosha uso, kupanda ngazi. Lifanye kwa mwendo wa nusu, ukifuatilia kila kidole. Likishakuwa rahisi, ongeza la pili. Usifanye siku nzima hivyo, utachoka na kuacha. Kuandika mambo unayoyashukuru nako hufaa watu wengi, mradi uandike kitu mahususi, na mara moja kwa wiki inatosha. Ukiandika kila siku kwa kulazimisha utaanza kurudia orodha ileile.

Unachokitaka kikague

Epiktetos, mwanafalsafa wa kale, alikuwa mtumwa Roma, na mguu wake ulikuwa mlemavu. Mafundisho yake yanaanza kwa kugawa mambo mawili: yaliyo katika uwezo wetu, kama maoni na matakwa yetu, na yasiyo katika uwezo wetu, kama mwili, mali na sifa. Ningependa kila mgonjwa wangu asikie kwamba maneno hayo yalitoka kinywani mwa mtu aliyechechemea.

Al-Ghazali naye, msomi mkubwa wa Baghdad, alifikia mwaka 1091 cheo ambacho wenzake walikiota, kisha mwaka 1095 ulimi ukakataa. Alieleza mwenyewe kwamba alijaribu kuwafundisha wanafunzi wake lakini hakuweza kutamka neno, akakosa hamu ya kula, na matabibu wakasema ugonjwa unatoka moyoni. Aliondoka, akaacha cheo, na ikapita zaidi ya miaka kumi kabla ya kufundisha tena. Sipendekezi uache kazi. Napendekeza ukae na matakwa yako makubwa matatu, na kila moja ulijibie hili: ningelitaka hata kama hakuna atakayejua nimelipata? Lile ambalo jibu lake ni hapana lipunguzie muda.

Pale ambapo maelekezo haya hayatoshi

Sonona ni ugonjwa. Kama kwa wiki mbili au zaidi huzuni haiondoki, huna ladha ya chochote, usingizi au hamu ya kula imevurugika, unajiona huna thamani, au unawaza kufa, usianze na karatasi wala vifungo. Nenda kwa daktari au mtaalamu wa afya ya akili, na mawazo ya kujidhuru yakiwapo nenda leo, na mtu akusindikize. Baada ya kiharusi sonona huwapata wengi, na hutibika.

Fedha nazo ni muhimu, na anayewaambia maskini kwamba furaha iko moyoni tu anawakosea. Daniel Kahneman na Angus Deaton walisema mwaka 2010 kwamba hisia za kila siku huacha kupanda kipato kikifika takriban dola 75,000 kwa mwaka Marekani. Killingsworth akapata matokeo tofauti mwaka 2021, kwamba haziachi kupanda. Mwaka 2023 Kahneman na Killingsworth wakaandika pamoja, wakisaidiwa na Barbara Mellers: kwa wengi furaha huendelea kupanda na kipato, na kwa wale wenye huzuni zaidi ndio fedha hufika mahali zisiongeze kitu. Na kama nyumbani unapigwa au unatishwa, unachohitaji ni usalama. Hilo ndilo la kwanza kulia kwenye karatasi yako, na usilishughulikie peke yako.

Siku mbaya zikija

Zitakuja. Mgonjwa wangu akipata homa, mguu uliokuwa umeanza kuitikia hulegea kwa siku kadhaa, naye huamini kazi yote imepotea. Kwa hiyo kila mmoja namwekea daftari: tarehe, goti limekunjika kiasi gani, amesimama dakika ngapi. Siku hiyo simpi maneno ya faraja. Nafungua ukurasa wa miezi mitatu nyuma, anasoma mwenyewe.

Tengeneza lako, kwenye ukurasa mmoja. Andika majina ya watu wawili utakaowapigia simu, na sentensi ya kwanza utakayowaambia, kwa sababu siku hiyo hutaipata: "Leo si nzuri, nipe dakika kumi." Andika kazi moja ya mikono unayoweza kuifanya hata ukiwa umechoka. Andika mambo ambayo hutayaamua siku hiyo: kuacha kazi, kuvunja ndoa, kumwandikia mtu ujumbe mrefu wa hasira. Andika kitu kimoja kibaya kilichowahi kukupata, na lini ulianza kucheka tena baada yake. Iandike sasa ukiwa mzima, na nakala mpe mmoja wa wale wawili.